Mtoto Hakumwagiwa Maji Moto

Saa moja asubuhi, Hasina Yakub anatoa kisahani cha kioo kwenye kabati la joto na kukiinua dirishani. Juu ya wekundu wa damu ya kondoo vimeota vitone vya dhahabu, kila kimoja kimezungukwa na duara angavu, kama mwezi kwenye ukungu.

"Hapo damu imeliwa," anasema polepole, macho yakibaki kwenye mwanga.

Ni mwaka 1996. Mzaliwa huyu wa Kitui mjini amekuwa fundi wa maabara kwa miaka kumi na minne sasa, katika hospitali ndogo nje ya mji wa Salama. Stima ikipotea, kabati hupashwa joto kwa taa ya mafuta.

Mwaka jana, Kalondu aliteremka kutoka vilima vya Kilungu na mtoto wa siku tisa. Ngozi ya mtoto ilikuwa ikibambuka kama ya aliyeungua. Mama mkwe wake alisema Kalondu amemmwagia maji moto, na chifu alishaarifiwa. Kalondu alikaa kwenye benchi akimpuliza mwanawe mgongoni.

"Walisema sana mpaka nikaanza kuota nikimwaga hayo maji," anakumbuka. "Nikajiuliza, ama ni mimi?"

Penisilini haikufua dafu. Hasina akapima maji ya malengelenge, hakikuota kitu. Wauguzi wakaona basi ni kuungua kweli.

Lakini Hasina alijua kuna kidudu kinachoweza kutulia mahali pamoja na kutuma sumu yake mwili mzima. Akapangusa kitovu cha mtoto kwa pamba. Kesho yake vitone vya dhahabu vilikuwa vimejaa kisahani. Vilisongamana hadi kwenye kikaratasi cha kupimia chenye penisilini, vikakiogopa tu chenye dawa nyingine, kloksasilini. Daktari akabadilisha dawa siku hiyohiyo, na baada ya wiki ngozi mpya ikafunga.

Miezi mitatu baadaye barua ilifika kutoka maabara ya Nairobi alikotuma sampuli: kidudu kile kilibeba jeni ya sumu inayobambua ngozi. Hasina aliisomea familia barua hiyo kwa Kikamba. Mama mkwe akanyoosha mikono na kumwomba Kalondu ampe mtoto ambebe.

Sasa Hasina anapanga kuzunguka Kilungu kila Jumamosi, akiwafundisha wakunga usafi wa mikono na kitovu. Mwezi huu vitone vya kisahani kimoja vimepuuza hata kloksasilini, na hilo linamtia hofu.

Jumamosi ya kwanza Kalondu ndiye atakayemwonyesha njia, na ameomba azungumze yeye kwanza.

"Nataka tufike kwa akina mama," Hasina anasema, "kabla kidudu hakijafika."