Aliyeitika Kwenye Ukungu

Ilikuwa Jumanne ya wiki ya Pasaka, saa kumi na moja na nusu jioni. Saa naijua kwa sababu kengele ya misheni ilikuwa imetoka kulia. Natangulia kusema hivyo kwa kuwa wenzangu wa bwenini walinicheka nilipowasimulia, wakasema nimeota. Sikuota. Mtu anaota huku miguu yake imezama kwenye tope?

Nilikuwa nyumbani likizo, huku kwetu kwenye vilima juu ya mji wa Mbeya. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi bila kupumua, na mchana ule ubavu wa mlima ukaporomoka, ukafunika jiko la Baba Mdogo. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo Baba Mdogo ndiye mzee wetu. Watu wa nyumba yake wote walikuwa wametoka. Jikoni alikuwamo mmoja tu, dada yangu Sekela, aliyekwenda kuchukua kaa la moto.

Wanaume wakachimba. Tope hilohilo lilikuwa limekata barabara kule chini, likazuia lori lililokuwa linakwenda Makongolosi, kwenye dhahabu. Abiria mmoja akateremka, akapanda kwetu bila kuitwa na mtu. Alivaa koti refu la jeshi lililochakaa. Akasema anatoka Iringa, alikuwa Keya, askari wa Mwingereza, amepigana na Wajapani huko Bama, na kule alishatoa watu chini ya udongo.

"Kamwene," akasalimu kwa Kihehe.

"Keya, Wajapani waliisha zamani," Baba Mdogo akamjibu. "Kwenye tope letu unamtafuta nani?"

"Huyohuyo mnayemtafuta, mzee. Nipeni mtaimbo."

Watu wakacheka, lakini kicheko cha mdomoni tu. Bibi akaninong'oneza, "Watu wa dhahabu hao. Dhahabu haitoki bila kichwa cha mtu. Mwangalie mikono." Nikamwangalia. Kusema kweli, na mimi nilimshuku. Kwa nini mtu aache lori lake kwa ajili ya binti asiyemjua?

Basi akauchomeka mtaimbo kwenye tope, akaweka sikio kwenye chuma, akainua mkono watu wanyamaze. Ukungu ulikuwa umeshuka, hata migomba haionekani. Tukanyamaza.

Ndipo nikasikia naitwa.

Mara moja tu, kwa sauti ya Sekela, kwa lile jina la utani ambalo yeye peke yake huniita. Haikutoka chini ya udongo. Ilitoka kwenye ukungu, upande wa bondeni, kama mtu anayekuita uje kula. Nikafungua mdomo. Bibi akanikamata mkono.

"Usiitike!"

Kwetu kila mtoto anafundishwa: aliye hai huita mara mbili, mara tatu. Anayeita mara moja haitikiwi. Nikawatazama wanaume. Hakuna aliyetikisika, na kila mmoja alikuwa ameinamisha macho. Baadaye ndiyo tulikuja kuambiana: kila mtu pale alikuwa amesikia jina lake mwenyewe.

Yule Keya akasimama wima kama yuko gwaride. "Naam!" akapaza sauti.

Jembe la mtu likaanguka. "Ameitika! Jamani, huyu ameitika!"

Yeye alishaanza kuteremka bondeni. "Ni huku."

"Jiko langu lilikuwa hapa," Baba Mdogo akasema. "Unanifundisha nyumba yangu?"

"Lilikuwa, mzee. Udongo umelihamisha. Nani atanishikia taa?"

Hakuna aliyekwenda. Nikaichukua chemli nikamfuata, Bibi akiniita nyuma kwa jina langu la ubatizo, tena na tena.

Alichimba kwa mtaimbo na kwa mikono, huku ananong'ona, "Ndiyo. Ndiyo, nakuja." Niamini, mimi sikusikia mtu akimwambia neno. Nikamuuliza anaongea na nani.

"Ananiita jina la Bama," akasema bila kunitazama. "Hapa hakuna anayelijua. Inua taa, binti."

Ukatokea mlango wa jiko, na chini ya mlango, Sekela. Alikuwa anapumua kwa pua tu. Kinywa chake kilikuwa kimeshindiliwa tope mpaka kooni. Sasa niambie wewe unayesoma: kinywa kile kiliita vipi?

Baba Mdogo naye, aliposhuka na wenzake, aliliona hilo. Tulimsafisha Sekela kinywa, lakini alitazama tu, hakutoa neno. Na kila mtu anajua kwamba anayechukuliwa msukule, akamfanyie mchawi kazi, hukatwa ulimi asije akasema alikopelekwa. Wakasema mchawi ni Keya, wakamfunga kamba kwenye nguzo ya zizi. Asubuhi apelekwe kwa chifu, walisema, lakini walikuwapo vijana waliosema chifu yuko mbali na panga liko karibu. Yeye hakubishana. Aliomba tumbaku, na hakuna aliyempa.

Siku hizi Sekela anaongea, tena mno. Ila hapati usingizi mpaka mgongo wake uguse ukuta. Anasema kule chini kulikuwa na mtu amemlalia mgongoni, anampulizia pumzi shingoni, na Keya alipoitika, mtu yule akamwachia. Mtu gani? Hakupotea mwingine siku ile. Nimemuuliza hata nimeacha. Nawe ukiitwa mara moja kwenye ukungu, sikwambii itika, sikwambii nyamaza. Nakuonya tu: ukiitika, watu watakuogopa kuliko hicho kilichokuita.

Lakini asubuhi ile ya Jumatano Sekela alikuwa bado kimya, na nje nilisikia panga linanolewa. Nikapiga magoti kando ya kitanda chake. "Dada, nisamehe," nikasema, nikamtia kidole kinywani. Ulimi ulikuwapo, mzima, wa moto. Sekela akaning'ata mpaka mfupa.

Mimi darasani nikitajwa jina tu natetemeka. Nilitoka na kidole kinachuruzika damu, nikasimama mbele ya wanaume wote.

"Ulimi upo!" nikapiga kelele. "Ulimi upo na meno yapo! Asiyeamini aje atie kidole chake!"

Hakuna aliyekuja. Nikaenda zizini.

"Amekung'ata?" Keya akauliza.

"Mpaka mfupa."

"Basi ni mzima huyo."

Nikaanza kufungua kamba. Kwa mkono mmoja ilinichukua muda mrefu, na hakuna aliyenisaidia, wala aliyenizuia.