Tableti ya Saru Iliponyamaza

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za kazi yangu, mwanangu, ilikuwa siku ya soko hapa Njukini. Magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa mpaka mlangoni pa kibanda changu, nami nilikuwa nimeinamia simu ya mchuuzi wa maharagwe, nikiitoa vumbi kwa mswaki. Usicheke ukisikia nakuita mwanangu. Najua kichwa changu bado hakijawa cheupe chote. Lakini katika kazi ya simu mtu huzeeka haraka kuliko betri. Wengi niliokuwa nao mwanzoni sasa wanauza mitumba, na wewe unataka kufungua kibanda chako mwezi ujao. Basi vuta kiti unisikilize kabla hujamshika mteja wa kwanza.

Wakati huo nilikuwa kijana, na sifa zilikuwa zimenipanda. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa sana. Simu iliyoshindikana Taveta mjini ililetwa kwangu. Dawa yangu ilikuwa moja kwa kila ugonjwa: futa kila kitu, weka mfumo mpya, mteja aondoke na simu inayong'aa kama ya dukani. Nilikuwa mwepesi, na watu wa soko wanapenda fundi mwepesi.

Ndipo akaingia Babu Mrutu. Huyu alikuwa mgawa maji wa mfereji wetu, mzee mrefu aliyetembea na jembe begani hata siku ya Jumapili. Nyuma yake alikuja mwanawe Elija, amembeba mgongoni Saru, mjukuu wa mzee, ingawa alishakuwa mkubwa mno kubebwa. Saru hakuwa anatembea vizuri, wala hakuwa anaongea. Alizaliwa hivyo. Akili alikuwa nayo, tena kali, ila mdomo haukumtii.

Elija aliweka tableti mezani.

"Anti, mi nili-root tu hii kitu juu memory ilikuwa imejaa," akasema, macho chini. "Nikahamisha folder ya hiyo app ya Saru kwa memory card. Ikagoma. Nikairudisha mahali ilikuwa. Saa hii inasema tu permission denied."

"Ukafanya nini?"

"Nikafungua kila kitu. Saba tatu, kila mahali. Na bado inasema hivyo hivyo!"

Wewe unajua kuruti ni nini, lakini wenzako utakaowasimulia haya pengine hawajui, basi niseme. Ndani ya simu kila programu ina chumba chake, na mfumo hauiruhusu kuchungulia chumba cha jirani. Ukiruti, wewe mwenyewe unapewa ufunguo wa vyumba vyote. Na saba tatu ni lugha yetu mafundi: umeamuru kwamba kila mtu aruhusiwe kusoma, kuandika na kuendesha kila kilichomo. Ni kama kung'oa milango yote ya nyumba kwa sababu mmoja umekwama.

Niliiwasha. Programu yenyewe ilikuwa na picha: kikombe, kitanda, jua, mtu anayecheka. Saru alikuwa akigusa picha, tableti inasema neno kwa niaba yake. Sasa picha zilikuwa zimebaki mraba mtupu, na kila nilipogusa, ilikuja ile sentensi ya kukataliwa. Nikamwona Saru ananyosha kidole akigusa mraba mmoja, anasubiri, anagusa tena. Halafu akageuza uso ukutani.

"Hii ni rahisi," nikamwambia mzee. "Nafuta, naweka mfumo mpya, natafuta programu nyingine ya kuongea. Jioni mko nyumbani. Nyinyi wenyewe mtarekodi maneno upya."

Babu Mrutu aliliegemeza jembe lake kwenye magunia ya watu, akavua kofia.

"Nani atarekodi?"

"Yeyote, Babu. Hata wewe. Hata Elija."

"Haya maneno," akasema, "aliyarekodi mama yake. Binti yangu. Alikaa kitandani mgonjwa, anarekodi neno, anapumzika, anarekodi lingine, mpaka akamaliza. Kisha tukamzika. Mtoto huyu anaongea kwa sauti ya mama yake, na wewe unaniambia yeyote?"

Nakwambia, mwanangu, aibu ile niliihisi masikioni.

Ningetaka kukwambia kwamba sauti zile zilitolewa kirahisi zikawekwa kwenye kompyuta, mambo yakaisha. Hazikutoka. Zote zilifungwa ndani ya faili moja ambayo programu ile peke yake ilijua kuisoma, na walioitengeneza walishaiondoa mtandaoni, haikupatikana tena. Ningeifuta programu, hata nikiihifadhi faili kusingekuwa na cha kuisoma. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna njia ya mkato, na nikaapa kwamba tableti ile haitatoka kibandani kwangu ikiwa bubu.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kunakili faili ile kwenye kompyuta, jinsi ilivyo, bila kuigusa. Lishike hilo. Hata kama huwezi kuisoma, nakili. Ndipo nikaanza kuhangaika. Nikafungua hapa, nikajaribu pale, nikaizima, nikaiwasha. Kukataliwa. Nikatoa ruhusa ambayo tayari ilikuwa imetolewa. Kukataliwa. Nikaanza kuitukana, tena si matusi madogo.

"Mama," Babu Mrutu akaniita. Mimi ambaye angeweza kunizaa, ananiita mama! Ndivyo wazee wetu wanavyokemea, kwa heshima inayouma kuliko kiboko. "Nimekuangalia tangu umeanza. Unauliza swali moja tu. Unauliza mlango umefungwa au uko wazi."

"Uko wazi, Babu. Ndiyo ajabu yake. Uko wazi kabisa na bado haipiti."

"Hata kwenye mfereji mlango ukiwa wazi si ruhusa."

Nikataka kumwambia kwamba hii si mfereji. Asante Mungu nilikuwa nimechoka kubishana.

Nitakueleza alichosema, kwa sababu wewe umekulia Voi kwa maji ya bomba na huujui mfereji. Maji yanashuka kutoka chemchemi, yanapita shamba kwa shamba. Kila shamba lina mlango wake na zamu yake. Lakini mlango kuwa wazi hakutoshi, maana ng'ombe anaweza kuubomoa, mtoto anaweza kuuchezea, mwizi anaweza kuufungua. Kwa hiyo mgawa maji huja mwenyewe, anamwita mwenye zamu kwa jina lake, halafu anachomeka jani la isale pale mlangoni, ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani. Mlango ukiwa wazi na jani halipo, au jani lipo la mlango mwingine, hakuna anayegusa maji. Hata kama mahindi yake yanajikunja kwa jua. Hata kama ni mgawa maji mwenyewe.

"Siku moja kijana alichoka na ubishi wa zamu," Babu akaendelea. "Akapita akifungua milango yote, kwamba kila mtu apate. Maji yalifika wapi? Yalimwagika njiani. Walio chini hawakupata hata ya kunawa. Mama, acha kufungua. Uliza zamu ni ya nani, halafu uliza jani liko wapi."

Yeye hakujua lolote la simu, wala hakujidai kujua. Aliniambia tu jinsi ya kuangalia. Kazi ya kutafuta ilibaki yangu, na nikaishika kwa meno.

Nikaacha chumba cha Saru, nikaenda kwa jirani. Nasema hivi: nikatafuta programu nyingine mle mle iliyokuwa inafanya kazi vizuri, nikaangalia chumba chake kimeandikwaje. Fanya hivyo daima, mwanangu. Ukitaka kujua mgonjwa anaumwa nini, msimamishe kando ya mzima. Chumba cha jirani kilikuwa na mwenyewe: jina la namba ambalo mfumo huipa kila programu siku inapowekwa. Cha Saru kilikuwa kimeandikwa mwenyewe ni root. Elija alipokinakili kukirudisha, alikirudisha kwa mkono wa mwenye funguo zote, na mfumo ukaandika kwamba ni mali ya mwenye funguo. Programu ilikuwa imegeuka mgeni nyumbani kwake.

Nikatumia amri ya chown, nikaurudisha umiliki kwa namba ya programu yenyewe, chumba na vyote vilivyomo. Nikafungua. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

Kukataliwa.

Elija akasema, "Anti, wacha tu tuflash, tuweke system mpya." Babu akamtazama, Elija akaenda kununua maji ya kunywa.

Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Nikajiambia: mwenye zamu nimemwita, sasa jani liko wapi? Nikarudi kwa jirani, nikaomba mfumo unionyeshe kila kitu kilichoandikwa juu ya chumba kile, si ruhusa na mwenyewe tu. Hapo ndipo nikaiona. Kulikuwa na alama ya tatu, lebo ya ulinzi, ambayo mlinzi wa Android huisoma hata mlango ukiwa wazi na mwenyewe ni halali. Nilikuwa nimeipita siku zote kama mtu anavyopita kibao cha njia anayoijua. Faili za Saru zilikuwa zimebeba lebo ya mahali pengine kabisa. Zilirudi nyumbani na jani la mlango mwingine.

Kuna amri inaitwa restorecon. Kazi yake ni kuzirudishia faili lebo za mahali zilipo. Nikaiandika taratibu, nikahakiki njia ya chumba herufi kwa herufi, maana amri ya root haiulizi kama una hakika. Nikaibonyeza. Nikawasha upya tableti, nikaiweka mapajani mwa Saru bila kuijaribu mwenyewe. Sikuwa na ujasiri, nakwambia ukweli.

Picha zikarudi. Kikombe, kitanda, jua, mtu anayecheka. Saru hakugusa hata moja ya hizo. Alitembeza kidole mpaka chini kabisa, akagusa uso uliokunja ndita.

"Nimekasirika," akasema mama yake.

Sauti ilikuwa ya mwanamke mchovu, yenye kicheko ndani yake, kama mtu aliyejua siku moja neno hilo litahitajika. Saru akagusa tena. "Nimekasirika." Akamgeukia Elija aliyekuwa anarudi na chupa. "Nimekasirika." Akanigeukia mimi. "Nimekasirika." Siku zote zile alikuwa na hasira yake kifuani na hakuwa na pa kuitolea, wakubwa tumemzunguka tunazungumza juu yake kama gunia.

Babu Mrutu alicheka mpaka akakaa chini kwenye magunia ya watu. Halafu nikaona mabega yake yanatikisika na si kwa kicheko. Mchuuzi wa maharagwe, aliyekuja kuchukua simu yake, alisimama mlangoni akasahau kilichomleta.

Nilidhani tumemaliza. Nikampa Elija chaja. Babu akafuta uso kwa kofia, akaniuliza, "Na ile milango aliyoifungua huyu?"

Kweli, saba tatu ilikuwa bado iko pale. Programu yoyote ya mchezo ambayo Elija angeiweka ingeweza kuingia chumba kile na kukikanyaga. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikaketi tena. Nikatazama chumba cha jirani ruhusa zake zikoje, nikazirudisha za Saru hivyo hivyo, na za kila pahali Elija alipopita, mlango baada ya mlango. Ilikuwa kazi ya kuchosha isiyo na shangwe yoyote, na Saru alikaa karibu nami akinihimiza kwa sauti ya mama yake: "Nina njaa. Twende nyumbani. Nina njaa." Nilipomaliza nilinakili tena faili ile, nikampa mzee kwenye memory card ya faili hiyo peke yake, nikamwambia aiweke anapoweka vitu ambavyo hataki vipotee.

Sasa sikia, mwanangu, nikupe ninachotaka uondoke nacho. Mteja akikuletea kitu kilichokataa, usikimbilie kukifungua chote, wala usikimbilie kukifuta. Kukataa kuna sababu yake, na sababu hiyo haitishwi na kelele zako. Nakili kwanza. Kisha msimamishe mgonjwa kando ya mzima, uangalie ruhusa, uangalie mwenyewe ni nani, uangalie na lebo. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwa kingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama hakujawahi kumvunjia fundi heshima. Ukishapona ugonjwa, rudi ukafunge ulivyovifungua, hata kama mteja ameshatoa asante. Na hizo funguo za vyumba vyote, umeazimwa tu. Vyumba vina wenyewe.

Zaidi ya hayo, kabla hujasema neno "futa", muulize mtu kuna nini ndani. Muulize ukimtazama usoni. Yeye hatakwambia ni faili. Atakwambia ni mama.

Nenda ukafungue kibanda chako. Mungu akupe subira pale vidole vinapotaka kukimbia, akupe wateja wakali watakaokufunza na wapole watakaokulisha. Na ikitokea siku mtoto wa watu ameletwa kwako bila sauti, asiondoke mikononi mwako kabla hajakugombeza.