Purna Lal Alivyochungulia Darasa la Ngoma

Mume wangu Purna Lal hajui kukaa. Nina miaka kumi na minne naye, na sijawahi kumwona akimaliza chai pale pale alipoianzia. Ni mwashi, tena mwashi mzuri, lakini ngazi ya nyumba yetu haina pa kushika mpaka leo, kwa sababu aliianza, akaitwa kwingine, akasahau. Mimi nauza mtindi wa bakuli za udongo hapo chini mlangoni, na wateja wangu wote wa mji wetu wa Bhaktapur wanamjua. Ndiye yule anayepita mara nne kabla hujaonja.

Alipokuwa na miaka tisa alitiwa darasa la ngoma la mtaa. Kwetu watoto hufundishwa miezi kadhaa ndani ya chumba kilichofungwa, na mtu wa nje haruhusiwi kuona mpaka ifike siku ya kutolewa. Siku hiyo wanachinjiwa jogoo, wanapiga mbele ya mtaa mzima, na tangu hapo ni wapiga ngoma mpaka wafe. Purna Lal alitoroka zikiwa zimebaki siku kumi na moja. Hakupigwa, hakuugua, alichoka tu. Na asiyetolewa habebi ngoma sikukuu, awe na mikono hodari namna gani. Basi miaka thelathini mume wangu anatembea nyuma ya wapiga ngoma, kabeba birika la maji yao, vidole vikigonga birika. Namwonea haya na namwonea huruma, vyote kwa pamoja.

Kisha tukajaliwa Nirusha, baba yake mtupu. Alipofika miaka kumi shule ilishaniita mara tatu. Anajibu kabla hajaulizwa, anasukuma wenzake kwenye foleni, daftari halijafika nusu kaanza jingine. Mzee Asakaji, yule yule aliyemfundisha baba yake, alipofungua darasa la watoto na kusema safari hii wasichana nao waje, nilimpeleka ili nipumzike kidogo jioni. Nasema ukweli. Sikutarajia kingine.

Mwezi wa kwanza hawakugusa ngoma. Walikariri milio kwa mdomo, "dang-ti-nang, dang-ti-nang," huku wakijipiga magoti kwa viganja. Nikajiambia siku ya tatu huyu atatoroka. Hakutoroka. Mwezi wa pili nikaona anangoja wali upoe. Akaanza kumsikiliza mtu mpaka mtu amalize, kichwa kikitikisika kidogo, anahesabu. Mwalimu wake wa shule akaja kununua mtindi, akaniinamia.

"Mama Nirusha, mnampa dawa gani?"

"Kiganja na goti," nikamwambia. Akaondoka akidhani namficha.

Aliyeingiwa na wazimu sasa ni baba. Kila jioni alikuwa nje ya chumba kile, kona hii kona ile, anasikia asichoruhusiwa kuona. Nilimwita aje ale, akala amesimama, akarudi. "Wamefika pale nilipoachia," aliniambia siku moja, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye homa.

Zikiwa zimebaki siku nane, Nirusha alirudi macho mekundu. Akaketi karibu na ukuta, akaanza kujipiga magoti.

"Nimerudishwa huku kwenye magoti, mama. Nilisimamisha mkono katikati, nikawaharibia wote. Nikirudia, sitolewi."

"Kwa nini ulisimamisha?"

"Nilikosea tu."

Baba yake hakula kabisa, hata amesimama. Alfajiri nikamkuta anatia mwiko na timazi kwenye gunia.

"Safari ya wapi?"

"Banepa. Kuna kazi ya siku kumi."

"Siku kumi! Hesabu umesomea wapi wewe? Na siku ya mtoto?"

Akaangalia gunia. "Nilichungulia."

"Ulichungulia wapi?"

"Tunduni."

Kila mwashi wa kwetu analijua tundu lile la pembe tatu. Ukijenga ukuta kwenye njia ya mungu wa ngoma, lazima umwachie tundu, kwa kuwa mungu huyo hajui kupinda kona, hupita moja kwa moja. Ukuta ule wa chumba cha ngoma Purna Lal aliujenga mwenyewe baada ya tetemeko, na tundu akalipima kwa mkono wake. Sasa kamzibia mungu njia kwa kichwa chake.

"Aliniona," akasema. "Jicho kwa jicho. Fimbo ikasimama. Mzee akauliza nani yuko njiani. Mtoto akajibu, 'Ni mimi, mwalimu, nimekosea.'"

"Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi kakubebea mzigo wako, na wewe unakwenda Banepa."

"Nikisema watamfukuza! Si unaijua sheria ya chama cha ngoma? Mzazi akichungulia, mtoto nje."

"Mficha uchi hazai, Baba Nirusha." Nikasimama mlangoni kwa upana wangu wote, na upana ninao. "Hapa hupiti na gunia."

Nirusha alikuwa kwenye ngazi, kasikia yote. "Baba, usiende kusema," akalia. "Zimebaki siku nane tu. Nitajipiga magoti, sijali."

Purna Lal akamtazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu. "Ukitolewa kwa uongo wangu, mwanangu, kila ukishika ngoma utaliona jicho langu. Mimi najua mtu anavyobeba jambo la namna hiyo."

Akaweka gunia chini. Mkono mtupu haulambwi, nikampa mayai, samaki wakavu na chupa ya pombe kali ya mchele. Tukaenda watatu.

Mzee Asakaji alikuwa na wazee wawili wa chama. Akamsikiliza Purna Lal akiungama mpaka mwisho, akachukua chupa, akaiweka kando bila kuifungua.

"Uliniachia ngoma ukitorokea dirishani," akamwambia mume wangu. "Leo umeingia kwa mlango. Hayo ni maendeleo. Sasa sikia. Msichana atapiga peke yake, mwanzo mpaka mwisho. Wewe utakaa mbele yake, miguu umeikunja. Akikatiza, au wewe ukiinuka, mmetoka wote wawili."

"Mwanzo mpaka mwisho ni muda gani, mwalimu?"

"Kama saa nzima."

Mmoja wa wazee akacheka. "Maskini binti. Kumkalisha huyu! Bora ungempa upepo aukalishe."

Mimi nikafungiwa nje. Nilikaa kwenye kizingiti, nikainuka, nikakaa. Ngoma ikaanza polepole, ikakaza, ikapanda. Jirani mmoja akauliza kama leo nauza mtindi, nikamtolea ukali asiostahili. Jasho lilinitoka ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Nilisikiliza mkono wa mwanangu na wakati huo huo nilisikiliza kama kuna nyayo za mtu anayeinuka.

Halafu ngoma ikanyamaza.

Nikangoja. Hakuna kitu. Nikahesabu pumzi zangu, ya tano, ya kumi, ya kumi na tano. Nikaliona limekwisha, kakatiza, na siku nane zetu zimeota mbawa. Nikaweka kiganja mlangoni kuusukuma.

Dang. Ikarudi, taratibu, imara, ikaenda mpaka mwisho.

Mlango ulipofunguliwa Nirusha alitoka kwanza. Nikamkumbatia, nikamuuliza kwa hasira ya furaha, "Pale katikati ulikuwa unafanya nini, we mtoto? Ulitaka kuniua?"

Mzee Asakaji ndiye aliyejibu. "Pale pana kimya. Hakina hesabu, anayepiga ndiye anayejua kiishe lini. Sijawahi kumsikia mtoto akikiacha kirefu vile. Atatolewa na wenzake."

Baba yake alikuwa bado amekaa mkekani. Miguu ilikufa ganzi, tukamwinua mimi na Nirusha, huku na huku. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta.

"Ngoma iliponyamaza nilishaweka mkono chini niinuke," akaniambia sikioni. "Sikuweza tena kukaa, Mama Nirusha, naapa sikuweza. Akanitazama. Hakupiga mpaka nilipotulia."