Mtoto Niliyemcheka

Mwalimu mkuu aliposoma darasa nililopangiwa, walimu wawili waliokuwa ofisini waliinamia madaftari yao ili nisiwaone wanavyocheka. Darasa la kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwanachuo wa ualimu, mrefu kiasi cha kuinama kila nilipopita kwenye mlango wa ofisi ile. Kwa wiki nane za mazoezi ya kufundisha nilikabidhiwa watoto zaidi ya themanini, na wengi wao walikuwa hawajang'oka hata jino la kwanza.

"Usiogope," mwalimu mkuu aliniambia. "Mama yupo, atakuelekeza."

Mama alikuwa mwalimu wa darasa hilo, mwanamke aliyebakiza miaka michache kustaafu. Shule nzima ilimwita Mama, mwalimu mkuu akiwemo. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanitazama kuanzia viatu hadi nywele, kisha akasema, "Chaki usiziweke mfukoni. Utafua suruali kila siku."

Shule ilikuwa mbele kidogo ya Ilongero, kijiji cha alizeti, mtama na ng'ombe. Mimi nimekulia Manyoni, karibu na reli, na kwetu tunaongea Kigogo. Kinyaturu nilikuwa sijui hata salamu. Sikuona kama ni tatizo. Nilijiambia kwamba Kiswahili ni Kiswahili, mtoto yeyote anakijua.

Wiki ya kwanza ilinitoa ujinga. Somo nililoliandaa kwa dakika thelathini liliisha kwa dakika nane, nikabaki nimesimama na chaki mkononi. Mtoto mmoja akiomba kwenda nje, mstari mzima unaomba kwenda nje. Nilipiga kelele kuwanyamazisha, nao wakaongeza sauti ili wasikilizane. Kufika Alhamisi koo lilikuwa limekauka na msichana mmoja wa mbele aliniita "mama" kwa bahati mbaya, akaziba mdomo. Hata hivyo kulikuwa na nyakati za kuchangamsha moyo. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo mtoto aliyekuwa akiukodolea ubao macho kama ukuta alisoma "ba-ba, baba," akageuka kuwaangalia wenzake kwa mshangao, kana kwamba neno limejitamka lenyewe.

Jambo ninalotaka kulieleza lilitokea Jumatatu ya wiki ya tatu. Nilikuwa nimechora vyombo vya nyumbani kwenye karatasi za boksi: sufuria, kinu, ungo, chungu. Nilinyanyua picha ya ungo nikamwita msichana wa dawati la tatu, mtoto mdogo wa mwili, mkimya, ambaye hakuwahi kunisumbua. Akasimama. Akatazama picha, akataja jina la ungo kwa Kinyaturu, kwa sauti kubwa na kwa uhakika.

Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka.

Sikucheka sana, wala sikucheka kwa ubaya. Nilikuwa nimechoka, na jinsi alivyolitamka kwa kujiamini ilinifurahisha. Lakini yeye aliniona. Aliyatazama meno yangu, akakaa, akainamisha uso juu ya dawati mpaka kengele ilipogongwa.

Jumanne hakuja. Jumatano hakuja. Kila asubuhi nilipoita majina na kufika kwake, watoto waliitikia kwa pamoja, "Hayupo!" Nikaweka alama ya utoro na kuendelea. Alhamisi nilimuuliza mtoto aliyekaa naye dawati moja kama ni mgonjwa. Akapandisha mabega. Sikumwambia mtu yeyote. Nilikuwa na hofu ya aina mbili, na sijui ipi ilikuwa kubwa: kwamba nimemfukuza mtoto shule kwa kicheko, na kwamba watu watajua.

Ijumaa mkufunzi wetu kutoka chuoni akafika bila taarifa, kunikagua. Alikaa nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yakimgusa kidevu, akaandika muda wote. Nilifundisha vibaya. Niliruka hatua mbili za andalio la somo, nikaandika herufi moja kinyume, na watoto wa kona ya mwisho wakapigana kwa ajili ya kifutio. Tulipotoka nje akafungua daftari la mahudhurio, akapitisha kidole.

"Huyu mbona hajaonekana siku nne mfululizo?"

"Nafuatilia, mkufunzi," nikasema.

Ulikuwa uongo mtupu. Akatikisa kichwa kukubali, akaniandikia alama ya chini kuliko wenzangu wote, akasema atarudi kabla mazoezi hayajaisha. Alama haikuniuma kama lile neno, nafuatilia. Alipoondoka nilimkuta Mama akifungasha madaftari, nikamwambia kila kitu. Nilitegemea anifariji.

"Umekaa na jambo hili tumboni tangu Jumatatu?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi niko chumba cha pili?"

Akafunga mkoba wake. "Kesho asubuhi tunakwenda kwao. Uje na viatu vya kutembelea, sio hivyo vya harusini."

Jumamosi tulitembea karibu saa nzima katikati ya mashamba. Mama alikuwa mbele, akisalimiana na kila tuliyepishana naye, na mimi nyuma, nikipanga maneno ya kuomba radhi. Niliyapanga na kuyapangua. Niliwaza baba mkali. Niliwaza mtoto akikimbia kujificha. Niliwaza nikirudi Manyoni kumweleza mzazi wangu kwa nini nimeacha ualimu.

Tulimkuta mama wa mtoto akipepeta mtama uani. Alituletea vigoda, akatupa maji ya kunywa, kisha yeye na Mama wakaanza kuzungumza Kinyaturu. Walizungumza muda mrefu. Mimi nilibaki kusoma nyuso. Mama alisema jambo, mama wa mtoto akaacha kupepeta. Mama akanionyesha kwa kidevu, akaendelea. Yule mwanamke akanitazama, macho yamemtoka, nikajua sasa ameambiwa. Nikafungua mdomo kuanza ile radhi yangu.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, punje za mtama zikamwagika mapajani.

"Anasema nini?" nilimuuliza Mama.

"Anasema pole kwa kukosa usingizi. Mtoto yuko shambani kwa bibi yake. Bibi ameumia mguu, na ndege wameingia kwenye uwele, hakuna wa kuwafukuza. Baba yake alimpeleka Jumatatu jioni. Tena alilia, alikuwa hataki kukosa shule."

Niliinamia maji yangu, nikanywa yote kwa mkupuo ili wasione uso wangu. Nilihisi kama mtu aliyebebeshwa gunia la alizeti siku tano halafu akaambiwa, tua, halikuwa lako. Nilitaka kucheka, na nilitaka kulia, na nilikuwa na njaa ghafla, kwa sababu tangu Jumatatu nilikuwa nakula bila kuonja.

Lakini Mama alikuwa hajamaliza. Alibadili sauti, akaongea na yule mwanamke kama anavyoongea na wazazi kwenye kikao, bila tabasamu, mpaka mama wa mtoto akawa anaitikia tu kwa kichwa. Walikubaliana kwamba shangazi atakwenda kulinda ndege na mtoto atarudi darasani Jumatatu.

"Sasa twende shambani," Mama akaniambia. "Uliyemcheka ni mtoto, sio mama yake."

Shamba halikuwa mbali. Tulimsikia kabla ya kumwona, akipiga kopo na kupaza sauti kali ambayo sikuwahi kuisikia darasani. Alikuwa amesimama juu ya dungu la miti katikati ya uwele, kichwa kikiwa juu kidogo tu ya masuke. Kila alipopiga kopo, kundi la ndege liliruka na kwenda kutua ng'ambo. Aliponiona akanyamaza, akashuka, akaja na kusimama mbele yetu akiwa ameficha kopo mgongoni.

"Shikamooni."

"Marahaba," tukaitikia.

Nilichuchumaa. Maneno yote niliyoyapanga njiani yalikuwa yamepotea. "Siku ile ya picha," nikasema, "tulikucheka. Mimi pia. Nilikosea. Ulikasirika?"

Alinitazama, akamtazama Mama. Mama akamrudia swali kwa Kinyaturu. Mtoto akajibu, na jibu lilikuwa refu, lenye mikono.

"Anasema alikasirika mpaka nyumbani," Mama akatafsiri. "Alipofika huku akakuta bibi amechemsha boga, akala, akasahau. Lakini anasema ungo wako uliuchora vibaya. Ulifanana na mwezi."

Nilicheka tena, na safari hii yeye pia alicheka.

Jumatatu alichelewa. Alisimama mlangoni, akaomba kuingia, akapita hadi kwenye dawati lake huku wenzake wakimvuta sketi. Kuanzia siku hiyo, kabla ya kufundisha jina la kitu chochote, nilianza kuwauliza watoto wanakiitaje nyumbani. Walinifundisha Kinyaturu kwa ukali mkubwa. Nilipokosea matamshi walinirudisha mara tatu, nne, wakapiga makofi nilipopatia. Yule msichana ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Ndani ya wiki mbili alikuwa anaongea sana hivi kwamba nililazimika kumhamisha dawati.

Sitasema kwamba nilikuwa mwalimu mzuri baada ya hapo. Bado masomo yalikatika njiani, bado siku nyingine nilirudi chumbani kichwa kikigonga. Mama alikuwa anapita dirishani, anatazama, anaendelea na safari yake, na nilijifunza kujua kwa mwendo wake kama nimefanya vizuri au vibaya.

Mkufunzi alirudi wiki ya mwisho. Watoto walikuwa wanahesabu vizibo vya soda, makundi makundi sakafuni, na sauti yao ilifika ofisini. Alizunguka, akainama kwenye kundi moja, akaulizwa na mtoto kama na yeye anajua kuhesabu. Baadaye tulisimama nje kwenye jua.

"Darasa lako lina kelele," akasema.

"Ndiyo, mkufunzi."

"Nilisikiliza. Walikuwa wanabishana kuhusu saba na tisa." Akaandika alama, akasaini, akanipa karatasi nisome mwenyewe. Nilikuwa nimefaulu. Sikuwa wa kwanza chuoni, lakini nilikuwa nimefaulu.

Nilimshukuru, nikaenda nyuma ya madarasa ambako mpishi alikuwa anagawa uji, nikaomba kikombe. Nilikunywa nimeegemea ukuta, polepole, na nilipomaliza nikaomba kingine.