Fundi Mizani na Mishipa ya Fahamu

Fundi Mizani hakuuza figo. Alizikwa nazo zote mbili, na waliosema vinginevyo msibani, huku wakinywa chai ya mjane wake, walijua fika kwamba hawana hakika. Wala hakupungukiwa akili. Hilo la akili lilitokana na neno moja tu.

Kwa miaka ishirini na sita alitengeneza mizani za soko zima, katika chumba chenye dirisha moja na meza iliyochakaa kwenye pembe. Iliyopima sawasawa aliigongea mhuri wake, na isiyo na mhuri haikupima hata kitunguu. Tatizo lake lilikuwa presha. Dawa aina nne, chumvi marufuku, na bado ilipita mia na themanini.

"Nasawazisha mizani za watu," alimwambia mkewe, mwalimu wa sekondari, "yangu imenishinda."

Daktari wa moyo aliwaeleza bila haraka. Mishipa ya damu inayoingia kwenye figo imezungukwa na mishipa midogo ya fahamu, ile inayopeleka habari mwilini. Ikichachamaa, presha hupanda. Wangepitisha mrija mwembamba kwenye kinena, ndani ya mshipa wa damu hadi karibu na figo, na kuichoma hiyo midogo kwa joto. Figo zenyewe haziguswi.

"Hii si kupona," daktari alisema. "Inaweza kukushusha, taratibu. Dawa hutaziacha."

Kesho yake baada ya kuchomwa alikuwa nyumbani, akitembea kama mtu aliyevaa suruali ya kuazima. Dada yake, mwanamke mwenye moyo mweupe na mdomo usio na breki, akaenda sokoni kununua nyanya.

"Kaka yako vipi?"

"Hajambo. Wamemchoma mishipa ya fahamu."

Nyanya hazijafungwa, neno mishipa lilikuwa limeshadondoka njiani. Kufika buchani, Fundi alikuwa amechomwa fahamu, maskini, hajui hata jina lake.

Wiki mbili hakuna aliyemletea mizani. Ya tatu akaja nyumbani kwao katibu wa soko, kofia mkononi.

"Fundi, watu wana wasiwasi. Mhuri ukae ofisini kwanza, mpaka utakaporudi."

"Nimekwenda wapi?"

Katibu akaikunja kofia. Fundi akautazama mhuri ule. Bila huo yeye alikuwa mzee mwenye bisibisi tu.

"Shemeji," mkewe akasema, "iliyochomwa ni mishipa. Mwenyewe huyo hapo. Mpime."

Asubuhi yake wafanyabiashara walijazana ofisini. Katibu alikuwa ameazima mizani dukani, bila kusema la nani, akabandika nta chini ya sahani. Fundi akaigusa sahani kwa kidole, akaitazama inavyotulia, akaipindua.

"Nta ya mshumaa. Kwako umeme umekatika, Katibu?"

Watu wakacheka. Yeye alikuwa ameshika jiwe la kilo moja lililokuja na mizani hiyo, akilipandisha na kulishusha kiganjani. Akaligeuza. Chini lilikuwa limetobolewa, na tundu kuzibwa kwa rangi. Hilo Katibu hakulijua, uso wake ulionyesha. Fundi, ambaye hakuwahi kusahau mizani aliyoigongea mhuri, aliinua macho, na mtu mmoja kati ya wale waliokuwa wakimwita Mzee Fahamu akaanza kukagua viatu vyake.

Fundi akalitia jiwe mfukoni. "Mizani haina ubaya," akasema. "Jiwe hili nitalibadilisha mimi."

Mhuri akarudi nao nyumbani. Mchana alipeleka jiwe zima kwenye duka hilo, akaagana na mwenye duka kwa kupeana mikono. Baada ya miezi sita presha ilisimama kwenye mia na arobaini na kitu, na dawa zikabaki mbili. Wala hakudai amepona.

Alifariki miaka kumi na mmoja baadaye, kwa nimonia. Msibani, jirani mmoja alimsogelea mjane jikoni.

"Mwalimu, sasa mwenzetu hayupo. Lile jiwe lilikuwa la nani?"

Mjane alikuwa akisuuza vikombe. Jiwe lilikuwa kwenye droo, hatua tatu kutoka pale.

"Mume wangu hakusema," akajibu. "Na mimi sisemi."