Mkwe Wangu Ndiye Anataka Kuniuguza Nikikatwa Titi

Admin, jina langu lifiche kabisa, hapa Nyalenda, Kisumu, wananijua. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, mjane, naishi peke yangu. Shule niliachia darasa la saba, lakini msinidharau: nimeuza samaki nikasomesha watoto wawili mpaka wakashiba vitabu. Kijana ni dereva Qatar. Msichana wangu Akinyi ni nesi Uingereza, wazungu wakiugua wanamwita yeye. Nani mwingine kwa hii ploti amezaa hivyo?

Alhamisi hii nakatwa titi la kulia. Ni kansa.

Nyumba nimeipanga mwenyewe, kwa sababu mkono hautainuka kwa wiki kadhaa. Sufuria nimezishusha kutoka juu. Maji nimeyagawa kwa mitungi midogo ya lita tano. Jiko liko juu ya meza, nisiiname. Miguuni pa kitanda nimefunga kamba ya kujivuta nikiamka. Sokoni Kibuye nimechagua magauni matatu ya vifungo mbele, moja la maua mekundu. Siwezi kuugua nikikaa kama mtu hana watoto.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe sista wa hospitali ananiuliza, "Mama, utatoka hapa na mpira unaotoa maji ya kidonda, unaingia kwa kachupa. Nani atakamwaga? Nani atakuosha?"

"Binti yangu ni nesi Uingereza!"

Akacheka. "Na mkono wake unafika Kisumu?"

Nikampigia Akinyi. Hawezi kupata ruhusa. Dada yangu wa Pap Onditi mwenyewe anatembelea fimbo. Akinyi akasema, "Mama, Ouma amechukua likizo. Atakuja kukaa na wewe."

Ouma ni bwana yake, aliyebaki huku na watoto! Kwetu Wajaluo mimi ni *maro* wake, mama mkwe. Hatuli meza moja. Tukikutana njiani kila mtu anashika upande wake. Leo anivue nguo, aone kifua changu?

"Mama, kansa haijui maro," akasema, akaanza kulia.

Siku ya kwanza niliyopewa ya kukatwa sikwenda, kwa ajili ya hiyo aibu. Daktari ameniambia uvimbe umeongezeka, nisirudie. Na ngoja niseme ukweli wote: kuna mama wa kanisa letu aliugua malaria, mkwe wake, bwana wa binti yake, akambeba mpaka choo. Mimi ndiye nilisimama mbele ya wamama nikasema hana haya. Wakapiga makofi. Yule mama aliacha kuja.

Jumapili Ouma alifika. Hakuingia. Alisimama nje, kofia mkononi, macho chini, ana mfuko wa glavu.

"Mama, nitavaa hizi. Nitakuwa naangalia ukuta. Ukiwa umevaa ndio uniite."

Nilimwambia, "Ouma, rudi kwa watoto wako." Nikafunga mlango. Nikamsikia anasema pole pole, kama anaongea na mbao, "Sirudi, Mama. Nimepanga chumba lojing hapo barabarani. Alhamisi asubuhi nitagonga."

Usiku huo nilijaribu kujiosha kwa mkono wa kushoto peke yake. Mgongo sikuufikia. Nilikaa kwa karai nikalia mpaka maji yakapoa.

Wamama wenzangu, na nyinyi vijana mlio na wakwe, msinionee haya, niambieni. Alhamisi akigonga, nimfungulie?