Niliruhusiwa Kesho Yake

Daktari aliniruhusu Jumapili kabla ya saa nne asubuhi. Ajali ilikuwa imetokea jana yake mchana. Alipitisha kidole mbele ya macho yangu, akaniminya mbavu moja moja, akaziangalia tena picha za eksirei.

"Gari nimeliona kwenye simu," alisema. "Sikutegemea kukuta mtu amekaa kitandani anakunywa uji. Nenda nyumbani. Ukitapika au ukisikia kizunguzungu, urudi haraka."

Shingoni nilikuwa na kola ya hospitali, mkononi mshono mfupi. Basi. Nje, mke wangu alikuwa amesimama na madereva wenzangu. Waliponiona natembea mwenyewe walipiga makofi. Mmoja akanipiga picha. Mimi macho yangu yalikuwa yanatafuta jengo la mochwari, maana msoma njia wangu alikuwa humo.

Kwenye mbio za magari dereva haendi peke yake. Pembeni yake hukaa mtu mwenye daftari, anayemsomea kona kabla hazijafika. Wangu alikuwa mwalimu wa hesabu, rafiki niliyekaa naye dawati moja sekondari. Jumamosi zisizo na mbio alikuwa akija gereji kwangu Kihonda kunisaidia, akishika spana kama anashika chaki, na mafundi wakimcheka. Lakini daftari lake halikuwa na kosa. Usiku wa kuamkia mbio alikuwa analipitia akinong'ona, kama mtu anayesali.

Siku ile tulikuwa kwenye mashamba ya mkonge, upande wa Kingolwira. Alisema, "Kulia kali, usikate, kuna mtaro." Nilimsikia vizuri. Nikakata, nikapita ndani kabisa ya kona. Nilitaka kuokoa sekunde mbili. Gurudumu likaangukia mtaroni, gari likabinuka, mti ukaingia upande wake.

Nilipofumbua macho tulikuwa tunaning'inia kwenye mikanda, kichwa chini. Injini ilikuwa imezima. Nilimwita kwa jina mara tatu.

Polisi walipokuja wodini kuchukua maelezo, niliwaambia vumbi lilikuwa jingi, sikuona. Vumbi lilikuwepo kweli, ila njia niliiona.

Nyumbani, mke wangu aliniwekea mto mgongoni, akasema kwa sauti ya chini, "Watu wanasema alikosea kusoma."

"Nani anasema?"

"Wote. Hata kwenye kundi lenu la simu."

Simu ilikuwa mapajani kwangu, na sikuandika neno.

Jumatatu tulimpeleka kwao, juu Mgeta. Gari lilipofika mwisho wa barabara, wanaume walibeba jeneza mabegani wakapanda nalo kwenye ukungu, kati ya matuta ya kabichi. Mimi sikuweza kubeba. Nilifuata nyuma nikiwa nimeshika mbavu.

Mama yake alikuwa kwenye mkeka, katikati ya wanawake. Nilipiga magoti.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Aligusa kola yangu, akaugusa mshono.

"Wewe umepona haraka," alisema. Alisema taratibu tu, bila ubaya, na ndiyo maana nilishindwa kunyanyua kichwa.

Baada ya mazishi mjomba wake aliniita pembeni. Kwa Waluguru mjomba ndiye msemaji wa mtoto wa dada yake.

"Baba, mimi mambo ya magari siyajui," alisema. "Nieleze. Ni kweli mwanetu alikosea?"

Ningeweza kusema kichwa kiligongwa, sikumbuki. Angeniamini.

"Hapana, mjomba. Alisoma sawasawa. Mimi sikumfuata."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

Alivua kofia yake, akaikung'uta, akaivaa tena.

"Basi njoo uyaseme hayo mbele ya mama yake. Mimi sitakusemea."

Niliyasema nikiwa nimesimama, watu wote wakisikia, na madereva wenzangu pia. Mama hakunitukana. Alijifunika khanga usoni, akabaki hivyo. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu naye akaniambia, "Mwanangu, ondoka tu sasa." Nikashuka mlima na mke wangu kabla ya chakula kugawiwa.

Kesho yake nilikwenda kituoni kubadilisha maelezo yangu. Askari aliyaandika upya, akaniuliza kama nina hakika, nikasaini. Nilifungiwa kushiriki mashindano, nami sikuomba kurudi. Kesi bado inaendelea.

Nimepanda Mgeta mara tatu tangu siku ile. Mara mbili niliambiwa mama yuko shambani, na nilimwona mlangoni akiingia ndani. Mara ya tatu alinipa kigoda na kikombe cha chai. Tulikaa mpaka chai ikapoa.

"Watoto wako hawajambo?" aliuliza.

"Hawajambo, mama."

Akainuka kwenda kuchuma maharage, nami nikamfuata na kikapu.